Kukutana kwa Bahati na Kupatana kwa Kweli

Somo la hesabu: chembe za ubongo zinapopiga pamoja

Natumaini mmekwisha kukaa, na kila mtu ana daftari na kalamu yake. Katika somo lililopita tulijifunza kusema "moja katika hamsini" na "moja katika mia." Leo tutaipa hesabu hiyo kazi kubwa. Tutaingia nayo ndani ya kichwa cha mtu, tuone jinsi wataalamu wanavyopima kama chembe mbili za ubongo zimepatana kwa kweli, au zimekutana kwa bahati tu. Na mwisho nitawaeleza habari ya baba mmoja aliyeitumia hesabu hii kijijini kwake, na bibi kizee mmoja akapona na lawama isiyo yake.

Usiliogope neno "ubongo." Tutaanza na kinu na mchi.

MICHI MIWILI

Fikiri umelala, kumekucha. Katika nyumba ya mashariki wanatwanga mahindi, na katika nyumba ya magharibi wanatwanga pia. Unasikia pu! huku, pu! kule. Mara moja moja michi yote miwili hupiga kwa wakati mmoja, ukasikia pu! moja tu, kubwa. Je, watwangaji hao wanasikilizana?

Mtu wa haraka atasema, "Naam, wanasikilizana, nimesikia mwenyewe wakipiga pamoja." Mtu wa hesabu hasemi hivyo. Kwanza atauliza: "Kama hawasikilizani hata kidogo, michi yao ingekutana mara ngapi kwa bahati?" Liandike swali hili katika daftari lako, maana somo letu lote limo ndani yake.

CHEMBE ZA UBONGO

Ndani ya ubongo wa mtu mzima mna chembe za fahamu bilioni 86 hivi. Wataalamu huziita nyuroni. Chembe moja hupeleka habari kwa nyingine kwa mishtuko midogo sana ya umeme. Mshtuko mmoja tutauita "pigo," kama pigo la mchi. Pigo moja hudumu muda mfupi mno. Gawanya sekunde moja mafungu 1000 yaliyo sawa. Pigo hutosha katika fungu moja hivi.

Katika miaka ya 1920, Edgar Adrian wa Cambridge, Uingereza, aliweza kusikiliza mapigo ya uzi mmoja mmoja wa fahamu. Mwaka 1932 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Charles Sherrington. Tangu hapo wataalamu wamezidi kutengeneza nyaya nyembamba kuliko unywele, ambazo huingizwa katika ubongo na kusikiliza chembe moja moja. Siku hizi chombo kimoja huweza kusikiliza chembe mamia kwa wakati mmoja.

Kwa nini wataalamu wanajali kama chembe zinapiga pamoja? Ziko sababu mbili. Ya kwanza, chembe zikipiga pamoja huenda zinafanya kazi moja, kama watu wanaovuta kamba moja. Ya pili, kupiga pamoja kukizidi ni ugonjwa. Mtu anaposhikwa na kifafa, chembe nyingi za ubongo wake hupiga pamoja kupita kiasi, na mwili hutupwa chini. Kwa hiyo si neno dogo kujua lini chembe zimepatana na lini zimekutana tu.

HESABU YA KWANZA

Sasa shika kalamu. Tuna chembe mbili. Ya kwanza tuiite A, ya pili B. Kila moja hupiga mara 20 kwa sekunde. Tumezisikiliza kwa sekunde 100.

Katika sekunde 100, A imepiga mara ngapi? 20 mara 100 ni 2000. Na B je? B hupiga katika mafungu 20 kati ya 1000. Hiyo ni sawa na fungu 1 katika 50. Basi kama A na B hazijuani hata kidogo, kila A inapopiga mara 50, B itakuwa nayo katika fungu lile lile mara 1. Gawanya 2000 kwa 50. Jibu ni 40.

Tazama jibu hilo. Chembe hizi hazijapata kusikiana, wala hakuna uzi unaoziunganisha, na bado zimepiga pamoja mara 40! Mtu asiyejua hesabu angekuja mbio na habari kwamba zimepatana mara 40. Mtu wa hesabu angemwambia, "Ndugu, 40 ndiyo niliyoitazamia."

Lakini bahati haikai mahali pamoja. Leo itatoa 36, kesho 45. Katika hesabu yetu hii, mara nyingi sana jibu litakuwa kati ya 28 na 52. Ukipata 45, usiseme neno. Ukipata 90, hapo una haki ya kusimama na kutazama vizuri.

Kazi hii ya kupiga hesabu ya bahati kwanza, ndipo kuilinganisha na tulichokiona, ndiyo iitwayo kupima kwa takwimu. Katika mwaka 1967 Wamarekani watatu, Donald Perkel, George Gerstein na George Moore, walitoa maandiko yaliyoonyesha namna ya kuwapima majirani hawa wa ubongo, na hadi leo wataalamu hufuata njia yao.

MTEGO

Sasa sikiliza vizuri zaidi, kwa sababu hapa hata wenye elimu kubwa wamenaswa.

Rudi kwenye vinu. Nyumba zote mbili hutwanga sana asubuhi, na mchana hutwanga kidogo tu. Je, ni kwa sababu zinasikilizana? Hapana. Ni kwa sababu asubuhi ndiyo saa ya kutwanga. Michi itakutana mara nyingi asubuhi, lakini aliyeikutanisha ni saa, si jirani.

Tuone kwa hesabu. Chembe A na B ziko vile vile, kila moja imepiga mara 2000 katika sekunde 100. Lakini safari hii hazikupiga kwa mwendo mmoja. Katika sekunde 50 za kwanza zilipiga polepole, mara 5 kwa sekunde. Katika sekunde 50 za mwisho, mnyama alionyeshwa taa, zote mbili zikaenda mbio, mara 35 kwa sekunde.

Katika nusu ya kwanza A imepiga mara 250. B imo katika mafungu 5 kati ya 1000, yaani 1 katika 200. Zimekutana mara 1 hivi. Katika nusu ya pili A imepiga mara 1750. B imo katika mafungu 35 kati ya 1000. Zidisha 1750 kwa 35, kisha gawanya kwa 1000: mara 61. Jumla ni 62.

Kumbuka, tulisema bahati hutoa kati ya 28 na 52. Hii 62 imepita mpaka! Mtu atashangilia kwamba ameona kupatana. Kumbe hakuna kupatana kokote. Taa iliziamsha zote mbili, kama asubuhi inavyowaamsha watwangaji wa nyumba mbili. Hesabu yake haikukosea kuzidisha wala kugawanya. Imekosea kwa sababu alihesabu sekunde zote kana kwamba zimefanana.

DAWA YA MTEGO

Wataalamu walitafuta dawa, nayo ni nzuri. Chukua mapigo ya nyumba ya mashariki ya Jumatatu, na mapigo ya nyumba ya magharibi ya Jumanne. Yaweke pamoja, saa kwa saa, uhesabu yanapokutana. Mchi wa Jumatatu hauwezi kuusikia mchi wa Jumanne, si kweli? Basi kukutana kote utakakokuta ni kwa bahati na kwa saa tu. Sasa hesabu Jumatatu kwa Jumatatu. Ukipata hesabu ile ile, watwangaji hawasikilizani. Ukipata zaidi sana, kuna jambo. Katika ubongo hufanya vivyo hivyo: mnyama huonyeshwa taa mara nyingi, na mapigo ya A ya mara ya kwanza hulinganishwa na mapigo ya B ya mara ya pili.

Je, dawa hiyo yatosha? Bado. Fikiri Jumatatu ni sikukuu. Nyumba zote mbili zimetwanga tangu alfajiri mpaka jioni. Jumanne ni siku ya kawaida. Ukilinganisha Jumatatu ya huku na Jumanne ya kule, umeipoteza sikukuu, na utadanganyika tena. Katika mwaka 1999 Carlos Brody alionyesha jambo hili kwa chembe za ubongo. Kama chembe mbili huchangamka pamoja siku moja na kupoa pamoja siku nyingine, hesabu ya kubadilishana siku itaonyesha kupatana kwa pigo kwa pigo, na kumbe hakuna.

Kwa hiyo wakaongeza dawa nyingine. Usibadilishe siku wala saa. Chukua mapigo ya chembe moja tu, uyatikise kidogo: pigo hili lisogeze mbele kidogo, lile lisogeze nyuma kidogo, kwa bahati, lakini kwa mafungu machache tu. Sikukuu inabaki sikukuu, na asubuhi inabaki asubuhi. Kinachoharibika ni kukutana kwa pigo na pigo peke yake. Kisha hesabu. Fanya hivyo mara 1000, kazi ambayo kompyuta huimaliza upesi.

Tuseme hesabu yako ya kweli ilikuwa 62. Kama baada ya kutikisa, mara 400 kati ya 1000 umepata 62 au zaidi, basi 62 yako si kitu. Bahati huitoa bila taabu. Kama ni mara 2 tu kati ya 1000, basi ni shida kusema kwamba ni bahati. Wengi wamezoea kuweka mpaka kwenye 5 katika 100.

Lakini mpaka huo nao una hatari yake. Ukisikiliza chembe 100, utapata jozi ngapi? Zidisha 100 kwa 99, gawanya kwa 2: jozi 4950. Hata kama hakuna jozi moja iliyopatana, 5 katika kila 100 zitavuka mpaka kwa bahati. Hizo ni jozi 247 hivi! Anayepima jozi 4950 akatuonyesha ile moja iliyong'ara, akanyamaza juu ya nyingine, ametudanganya, hata kama hakukusudia.

Na ukiisha kushinda yote hayo, bado ulize swali la mwisho: je, A inaiambia B, au kuna wa tatu anayewaambia wote wawili? Watwangaji wawili wanaweza kupiga pamoja kwa sababu jirani wa kati anapiga ngoma. Kama mara kwa mara B hupiga nyuma ya A kwa mafungu mawili matatu, huenda A ndiyo inayoisukuma B. Kama hupiga sawasawa kabisa, mtafute mpiga ngoma.

WATAALAMU WALIVYOBISHANA

Msidhani haya ni mambo ya darasani tu. Katika mwaka 1989 Charles Gray, Wolf Singer na wenzao wa Frankfurt, Ujerumani, walisikiliza chembe za ubongo wa paka, mahali panapohusika na kuona. Walimwonyesha mstari mmoja mrefu wa mwanga unaokwenda upande mmoja. Chembe zilizokuwa mbalimbali zikapiga pamoja kwa mwendo mmoja. Walipomwonyesha mistari miwili inayokwenda pande mbalimbali, kupatana kule kukatoweka. Likazuka wazo kubwa, kwamba kwa kupiga pamoja, ubongo unasema, "Hivi vipande ni vya kitu kimoja." Wazo hilo lilipendwa, likapingwa, na mabishano yakaendelea miaka mingi.

Katika mwaka 1997 Alexa Riehle na wenzake Sonja Grün, Markus Diesmann na Ad Aertsen walieleza habari za nyani waliofundishwa kungojea ishara kabla ya kunyoosha mkono. Chembe zao zilipiga pamoja zaidi ya bahati pale ishara ilipotazamiwa, hata kama ishara yenyewe haikuja. Lakini hapo pia ikabidi wenzao waulize: je, mwendo wa chembe umehesabiwa vizuri? Sikukuu imetolewa? Katika elimu, kuulizwa hivyo si matusi. Ndiyo njia ya kuondoa makapi, kama mpepetaji anavyopepeta katika ungo.

BABA NA DAFTARI LAKE

Sasa ile habari niliyoahidi. Miaka michache iliyopita nilikuwa nikisimamia darasa la watu wazima katika kijiji kimoja. Mwanafunzi mmoja, mkulima aliyenizidi umri, alikuja kwangu baada ya somo, uso umekunjamana. Alisema, "Mwalimu, mwanangu ana kifafa. Na yuko bibi mmoja, kila akipita mlangoni kwangu, mtoto huanguka. Mwezi uliopita imetokea mara nne. Watu wameanza kusema, na mimi nimechoka."

Nilijua maneno kama hayo huishia wapi. Nikamwuliza, "Mzee wangu, kwa jumla mtoto ameanguka mara ngapi?"

Akasema, "Sikuhesabu."

"Na bibi amepita mara ngapi, mtoto asianguke?"

Akanitazama. "Siku hizo, Mwalimu, nani atazikumbuka?"

Hapo ndipo penye shina la jambo. Siku ambayo hakuna kilichotokea haina wa kuikumbuka. Bundi akilia na mtu akafa, twasimulia miaka kumi. Bundi akilia na watu wote wakaamka wazima, hatusemi neno.

Nilimwomba aweke daftari kwa siku 30. Kila jioni aandike alama mbili: bibi amepita au hakupita, mtoto ameanguka au hakuanguka. Alikuwa ndiyo kwanza ajue kuandika, na herufi zake zilipanda na kushuka, lakini hakuruka hata siku moja.

Baada ya mwezi tuliketi pamoja tukahesabu. Bibi alikuwa amepita siku 20 kati ya 30, kwa maana njia ya kisimani inapita hapo. Mtoto alikuwa ameanguka siku 6. Katika hizo 6, siku 4 bibi alipita, na siku 2 hakupita.

Nikampa kalamu. "Kama bibi na ugonjwa hawajuani, tutazamie nini?" Alifikiri sana. Siku 20 katika 30 ni mbili katika tatu. Mbili ya tatu ya 6 ni 4. Aliandika 4, akaitazama, akaitazama na ile 4 ya juu. Kisha akasema polepole, "Basi ni njia ya kisimani tu."

Hesabu ya mwezi mmoja ni ndogo, na sikumwambia kwamba imemaliza kila kitu. Lakini ilitosha kuonyesha kwamba hakukuwa na neno lolote la kumshtaki mtu. Wiki ile alimpeleka mtoto hospitali, akaanza dawa. Na asubuhi moja nilimwona amesimama njiani kumwamkia yule bibi, "Shikamoo," jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu kiangazi.

Nawe ukumbuke: kifafa ni ugonjwa wa ubongo, na dawa zake zipo. Hakiambukizwi kwa mate wala kwa kugusana. Mtu akianguka, ondoa vitu vya hatari karibu naye, mlaze ubavu, wala usimtie kitu kinywani. Akiendelea kutetemeka zaidi ya dakika tano, tafuta msaada wa tabibu mara moja.

TUKUSANYE MANENO

Ukiona mambo mawili yanakuja pamoja, yawe chembe za ubongo au mambo ya kijijini, uliza haya manne:

1. Kwa bahati peke yake, yangekutana mara ngapi?
2. Je, kuna saa au sikukuu inayoyaongeza yote mawili?
3. Nimepima jozi ngapi, na nimenyamaza juu ya ngapi?
4. Je, yuko wa tatu, mpiga ngoma?

KAZI YA DARASANI

Kaeni wawili wawili, kila mtu na sarafu yake. Rusheni pamoja mara 100. Andikeni ni mara ngapi sarafu zote mbili zimeonyesha kichwa. Kwa bahati mtatazamia 25. Jozi nyingi zitapata kati ya 16 na 34. Mwalimu aandike ubaoni majibu ya jozi zote, siyo yale ya ajabu peke yake.

Kisha mzungumze: Je, jozi iliyopata hesabu kubwa kuliko wote, sarafu zao zimepatana? Mngefanya nini ili kujua kwa hakika? Na je, katika kijiji chenu kuna jambo ambalo watu hulisema kwa sababu mambo mawili yalitokea pamoja, na hakuna aliyewahi kuhesabu?

Katika somo lijalo tutajifunza kuchora hesabu kwa mistari. Njoni na rula. Kwaherini.